Ngazi ya spini: saseptibiliti inapanda tena kwenye baridi kali, pengo limekwenda wapi?

maalim_wa_wete, Ijumaa saa 4 usiku

Asalaam aleykum nyote humu. Miye ni mwalimu wa fizikia wa skuli moja hapa Wete na nnasoma uzamili kwa masafa, sasa nko mwaka wa pili. Tasnifu yangu ni kuchambua data za sumaku za ile chumvi ya shaba na bromini, (C5H12N)2CuBr4, ambayo wanaiita ngazi ya spini ya miti miwili (spini ni vile visumaku vidogo vya atomi za shaba). Fuwele zenyewe sijazishika hata moja, zilipimwa maabara ya nje na msimamizi wangu akanitumia mafaili, kazi yangu ni kukaa na kompyuta usiku watoto wakishalala na umeme ukiwepo.

Nilivosoma miye, ngazi ya miti miwili ina pengo la nishati, yaani gharama ya chini kabisa ya kuiamsha, kwaio ukiipoza sana saseptibiliti, yaani kiasi inavoitikia sumaku, inatakiwa ishuke mpaka karibu na sifuri kwa sababu spini zote zishafungana mbili mbili hamna wa kuitikia sumaku. Grafu yangu inaanza vizuri kabisa, inapanda taratibu joto linavoshuka kutoka kelvini 300 (K), inafika kilele karibu na 8 K, inaanguka kama nilivotarajia, halafu ikifika kama 1.5 K inageuka inaanza kupanda tena, mpaka 0.5 K ishafika juu kidogo ya theluthi ya kile kilele. Hii ni kwenye uga mdogo wa sumaku wa tesla 0.1 (T).

Halafu kuna faili la pili, huku uga ni 7.5 T. Hapa usumaku unashuka joto likishuka, unafika chini karibu na 0.9 K, kisha nao unapanda kidogo. Nikamuandikia msimamizi, kanijibu kwa mstari mmoja kwamba mipando yote miwili inaonyesha pengo halipo na niiandike upya sura ya nne yote. Sura ya nne ndo miezi sita yangu jamani. Sikatai kuandika upya kama nimekosea, lakini nataka nielewe nimekosea wapi. Mwenye kujua anisaidie, kila hatua nntaifata.

mtumwa_wa_kwanta, Ijumaa saa 5 usiku

Waaleykum salaam maalim. Hiyo ya 7.5 T mbona ni wazi yakhe, hapo tripleti (jozi za spini zilovunjika zikaelekea upande mmoja) zishaganda pamoja kwenye hali moja, ule mgando wa Bose. Soma habari ya TlCuCl3, chumvi nyengine ya shaba, mwaka 2000 walionyesha hivo hivo, usumaku unashuka, unageuka, unapanda, na pale unapogeuka ndo joto la mpito. Kwaio pengo lilikuwepo ila uga umeliua na sasa una mpangilio wa sumaku. Ya 0.1 T sijui, labda sampuli mbovu.

kete_namua, Jumamosi saa 1 asubuhi

Waaleykum salaam maalim wangu, na pole. Miye mtoto wa Malindi, sasa nafanya kazi nje na hizi ngazi nimekaa nazo miaka, nimewahi kuziweka mbele ya mwale wa neutroni pale Villigen, Uswisi, kwaio nimesoma swali lako na chai imenipoa mkononi. Kwanza usiifute sura ya nne. Data zako ni nzuri, nzuri sana, na mipando yako miwili inafanana sura tu lakini baba zao mbali mbali. Ngoja niende pole pole.

Chukua upande wako mmoja wa bao. Una mistari miwili, mashimo manane mbele manane nyuma, si ndio? Weka kila shimo spini moja ya shaba. Shimo la mbele na lile la nyuma yake, hao wawili ndo kipandio cha ngazi, na mstari unaokwenda kichwa mpaka kichwa ndo mti wa ngazi. Kwenye chumvi yako nguvu inayofunga wawili wa kipandio ni karibu 12.6 K (nishati hizi tunazipima kwa kelvini kama joto), na inayofunga majirani kwenye mti ni karibu 3.6 K tu. Kwaio kipandio kinashinda, wale wawili wanapeana mgongo wanakuwa singleti, usumaku wao sifuri, na bao zima limetulia. Kuvunja kipandio kimoja kikawa tripleti ungelipa 12.6 K, ila tripleti ikishazaliwa haikai shimo lake, inaruka kwa jirani kupitia ule mti, na kule kurukaruka kunaipunguzia gharama kiasi cha ile 3.6, unabaki na 9.0, ukitia masahihisho ya hatua ya pili na ya tatu unafika karibu 9.6 K. Hilo ndo pengo lako. Liweke pembeni hilo.

Sasa mpando wa kwanza, wa 0.1 T. Hakuna fuwele duniani isiyo na kasoro. Kipandio kimoja kikikosa mwenzake, labda atomi moja ya shaba haipo au ukingo wa fuwele umekatika vibaya, yule alobaki anakuwa yatima. Spini yatima haina wa kufungana naye, inafata sheria ya Curie, yaani saseptibiliti yake ni kitu fulani kugawa kwa T, kila ukipoza inapiga kelele zaidi. Wenzake asilimia tisini na tisa wameshanyamaza kwa sababu ya pengo, kwaio yeye peke yake ndo anasikika. Piga hesabu ndogo tu: kwa shaba yenye g (namba ya spini inavoshikwa na uga) ya karibu 2.13 namba ya Curie ni kama 0.425 emu K kwa moli. Asilimia moja ya hiyo, gawa kwa 0.5 K, unapata 0.0085. Kilele chako cha 8 K nadhani kipo kwenye 0.024 au 0.025. Gawanya mwenyewe uone, juu kidogo ya theluthi, vile vile ulivosema. Yatima mmoja katika mia anatosha kukupa grafu yako yote ile.

Namna ya kuhakiki bila kubishana na mtu: usichore saseptibiliti, chora saseptibiliti mara T. Kama pengo lipo na yatima wapo, kwenye baridi kali mstari utalala kabisa, flati, na kile kimo ulicholala ukigawa kwa 0.425 ndo sehemu ya mayatima. Kisha toa mchango wao, kinachobaki kizidishe kwa mzizi wa T, chukua logi, chora dhidi ya 1/T, upate mstari ulonyooka. Mteremko wake ndo pengo. Ule mzizi wa T usiusahau, watu wengi wanafiti eksponenti peke yake wanapata pengo dogo kuliko haki yake, fomula ya ngazi ni eksponenti ya minus pengo kugawa T, mara T kwa kipeo cha minus nusu, imejulikana tangu 1994.

Mpando wa pili nitarudi mchana, nina watoto wa kuwapeleka chuoni.

fundi_friji_darajani, Jumamosi saa 3 asubuhi

Samahanini wakubwa, mie fundi wa friji na AC tu hapa Darajani, huwa nasoma humu kimya. Mnasema 0.5 K kama mtu anasema digrii tano za friza. Hiyo si minus mia mbili sabiini na kitu? Gesi gani inafika huko? Mie R134a yangu inaishia minus ishirini na sita nikiwa na bahati.

kete_namua, Jumamosi saa 6 mchana

Fundi swali lako zuri na wala usiwe kimya. Ni minus 272.65 ya Selsiasi. Njia ni ile ile unayoijua weye, kimiminika kinavukizwa kinachukua joto, ila gesi zinabadilika. Naitrojeni inachemka 77 K, heliamu ya kawaida 4.2 K. Ukishafika hapo unafanya kile unachokifanya kwenye vakyumu yako, unaivuta kwa pampu, mvuke ukipungua kinachemka chini zaidi, unashuka mpaka kama 1.3 K. Kuendelea unahitaji heliamu-3, ndugu yake mwepesi, ukiipampu hiyo unafika 0.3 K, ndo chombo alichopimiwa maalim. Na ukizichanganya heliamu-3 na heliamu-4 kuna mashine inashuka mpaka sehemu chache za elfu za kelvini moja. Heliamu-3 ghali sana, haipotezwi hata tone, inazungushwa ndani kwa ndani kama gesi ya compressor yako.

Haya maalim, mpando wa pili. Na hapa nitatofautiana na ndugu yangu mtumwa_wa_kwanta, kwa heshima.

Ukiweka uga, tripleti zinagawanyika tatu na ile moja inashuka bei. Kwa shaba yako kila tesla moja inaishusha kama 1.43 K. Pengo 9.6 gawa 1.43 unapata karibu 6.7 T, hapo tripleti ni bure, pengo limefungwa. Hiyo ndo nukta ya mgeuko ya kwanta ya kwanza, yaani pahala hali inapogeuzwa na uga si na joto, na inasogea kidogo kutegemea fuwele umeielekeza vipi kwa sababu g si sawa pande zote. Tripleti zinaanza kujaa kwenye vipandio, kila kipandio kimoja tu haziingii mbili, na ukifika karibu 13.8 T vipandio vyote vishajaa, spini zote zimesimama upande mmoja, hiyo ndo nukta ya pili. Weye uko 7.5, umeivuka ya kwanza kidogo tu.

Sasa tripleti ndani ya ngazi moja, mstari mmoja, haziwezi kupishana wala kukaa shimo moja, kwaio zinafanya kama fermioni, kila mmoja na nafasi yake. Karibu na nukta ya mgeuko hesabu yao inakuwa nyepesi ajabu na haijali kemia: usumaku dhidi ya joto unakuwa na bonde, na bonde linakaa kwenye joto la 0.762 mara nishati ya uga uliozidi. Wajapani waliionyesha 2007, haijali kama ni bromini au nini ilimradi ni mnyororo au ngazi yenye pengo. Pigia hesabu: 7.5 toa 6.7 ni 0.8 T, mara 1.43 ni 1.14 K, mara 0.762 ni 0.87 K. Weye umesema karibu 0.9. Maalim nilipoona hiyo namba yako nilisimama.

Kwaio lile bonde si mpito, ni mahali ambapo ngazi inaingia taratibu kwenye hali wanayoiita kimiminika cha Tomonaga-Luttinger, spini zinatikisika pamoja kwa masafa marefu lakini hakuna mpangilio ulosimama. Hakuna mlango hapo, ni kama mtu anashuka pwani maji yamekupwa, anatembea tu mpaka akajiona magotini mvua. TlCuCl3 ni kesi nyengine, kule vifungo vinakwenda pande zote tatu vina nguvu, kwaio mgando wa Bose unatokea kwenye kelvini kadhaa na bonde lake ni mpito wa kweli. Kwenye chumvi ya maalim ngazi zimekaa mbali mbali, kifungo baina ya ngazi na ngazi ni dhaifu mno, mpangilio wa kweli upo lakini hauvuki 0.11 K, waliupima Grenoble kwa NMR (kipimo cha kusikiliza viini vya atomi ndani ya sumaku) mwaka 2008. Kati ya 0.11 na 0.9 kuna nafasi kubwa ya kuchezea na ndo maana watu wanaipenda chumvi hii.

mtumwa_wa_kwanta, Jumamosi saa 7 mchana

Nimekubali dada, nilikuwa naichanganya na TlCuCl3. Ila kwa nini usiseme mpando wa 7.5 T nao ni mayatima wale wale? Maalim kasema mipando miwili inafanana.

kete_namua, Jumamosi saa 7 na nusu mchana

Swali hili ndo ningemuuliza mwanafunzi wangu kwenye mtihani wa mdomo. Yatima kwenye uga mdogo anazidi kupiga kelele ukipoza. Lakini kwenye 7.5 T na 0.9 K yatima ameshalala kabisa upande wa uga, hana tena pa kwenda, ukipoza zaidi mchango wake haubadiliki hata kidogo. Fomula yake ni tanh ya 1.43 mara uga gawa kwa 2T, tia namba, unapata tanh ya karibu 6, ambayo ni moja tu kwa macho yetu. Kwaio kitu kinachopanda pale si yeye. Uga mmoja unawatenganisha wawili ambao kwa sura huwezi kuwatenganisha, na msimamizi kawaweka kapu moja kwa sababu hakuangalia uga.

mstaafu_chake, Jumamosi jioni baada ya magharibi

Mwanangu maalim, nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja visiwa vyote viwili, sasa nimepumzika Chake Chake. Alokuandikia huyo binti yuko sawa na namuombea kheri. Nami nina mawili.

La kwanza, grafu ya kumaliza ubishi usiichore na joto, ichore na uga. Kama una faili la usumaku dhidi ya uga kwenye 0.5 K, lifungue. Kitu kisicho na pengo kinaanza kupanda tangu tesla ya kwanza na hakisimami. Chenye pengo na mayatima wachache utaona kidogo kinapanda haraka, mayatima wanalala wote kufika kama 2 T, halafu panakuwa tambarare mpaka 6 na kitu, kisha kinaruka. Na kile kimo cha tambarare kinatakiwa kiwe ni asilimia ile ile uliyoipata kwenye grafu ya binti. Namba moja kutoka njia mbili. Hiyo mpelekee msimamizi wako pamoja na salamu, kwa adabu, usimuandikie kwa hasira. Mtu akiwa na wanafunzi wengi anasoma grafu mbio.

La pili ni tahadhari. Usiamini jina la ngazi kwa sababu tu fuwele ukiitazama kwenye mchoro ina umbo la ngazi. Kulikuwa na kitu kingine cha shaba na klorini, wakikiita CuHpCl, miaka mingi kilikuwa ndo mfano wa ngazi wa kila mtu, tesla 7.5 na 13.2 ndo mipaka yake, makala kwa makala. Neutroni zilipokuja kukitazama kwa karibu zikaonyesha vifungo vinakwenda pande tatu na ngazi haionekani. Kwenye tasnifu yako weka aya moja useme kwa nini weye unaamini yako ni ngazi, na jibu unalo, ni lile bonde la 0.87.

maalim_wa_wete, Jumapili saa 5 usiku

Shikamoo mzee wangu, na dada kete nnakushukuru mpaka sijui niseme nini. Umeme ulikatika jana usiku wote kwaio nimefanya leo, nimekaa tangu baada ya adhuhuri sijainuka.

Nilianza na saseptibiliti mara T. Wallahi mstari umelala. Kutoka 0.9 K mpaka 0.5 K umelala kama meza, kimo 0.0042. Gawa kwa 0.425, asilimia moja kasoro kidogo. Nikatoa mchango wa mayatima, nikazidisha kwa mzizi wa T, nikachukua logi. Nukta zikajipanga kuanzia 3 K mpaka 1.5 K, chini ya hapo zinatawanyika kwa sababu natoa namba kubwa kwenye namba kubwa kinachobaki ni kelele, hizo nimeziacha. Mteremko 9.4 K. Nikajaribu bila ule mzizi wa T makusudi, nikapata 8.3, kweli linapungua vile vile ulivonionya dada.

Halafu faili la mzee. Lilikuwepo, tangu mwezi wa pili lipo kwenye kompyuta yangu sijawahi kulifungua kwa sababu nilidhani ni nakala ya lile la 7.5 T. Usumaku unapanda kidogo, kufika 2 T umesimama, kimo chake ni asilimia moja ya kile cha juu kabisa baada ya 14 T, halafu ni tambarare, tambarare, tambarare, 3, 4, 5, 6, na baada ya 6.5 unaanza kuinuka mwanzo taratibu kisha kwa kasi. Nilimuamsha mke wangu nikamuonyesha. Kaniuliza huu mstari ulolala ndo nini, nikamwambia hili ndo pengo lenyewe, hapa uga unasukuma na spini zimekataa.

Nna swali moja limebaki. Ule mwinuko baada ya 6.5 hauanzi kwa kona kali, umejipinda. Vitabu vinasema usumaku unaanza kama mzizi wa uga ulozidi, yaani kona kali inayosimama wima. Nimekosea kitu?

kete_namua, Jumatatu saa 12 asubuhi

Alhamdulillah! Nimeisoma nimesimama jikoni. Hujakosea kitu. Kona kali ni ya sifuri kelvini, weye uko 0.5. Na hapa ndo pahala ninapopapenda kuliko pote kwenye fani hii kwaio nivumilie.

Ukiwa chini ya 6.7 una pengo, hiyo ni nishati moja inayokwambia baridi ni kiasi gani, ukiwa chini ya pengo ni baridi, ukiwa juu yake ni joto. Ukiwa juu ya 6.7 una nishati nyengine, ile ya uga ulozidi, nayo inakupimia vile vile. Lakini pale pale kwenye nukta yenyewe pengo ni sifuri na uga ulozidi ni sifuri. Hakuna kipimo chochote kilobaki ndani ya ngazi, ila joto lenyewe tu. Kwaio hata 0.5 K pale si baridi, na 0.2 si baridi, ukishuka vipi kile kitu kinakuona u moto vile vile, mpaka ule mpangilio wa 0.11 K uingilie kati. Ndo maana kona yako imejipinda, upana wa ule mpindo ni 0.5 K gawa 1.43, kama 0.35 T huku na huku. Ukiwa na faili la 1 K mpindo utakuwa mara mbili. Na uzuri wake ni kwamba ukigawa uga ulozidi kwa T, na usumaku kwa mzizi wa T, grafu za joto zote zinalaliana moja juu ya nyengine. Mara ya kwanza nilipozilaza mwenyewe sikuamini, nikadhani programu imechora faili moja mara nne.

Hii chumvi Mungu kaiweka pahala pazuri. Ile oksidi ya SrCu2O3 nayo ni ngazi ya miti miwili safi kabisa ila pengo lake ni karibu 420 K, kulifunga ungehitaji zaidi ya tesla 300, nani anayo. Na kuna ndugu yake huyu wako, (C7H10N)2CuBr4, kwake miti ina nguvu kuliko vipandio, nukta ya kwanza karibu 3 T lakini ya pili karibu 29. Wako ana zote mbili chini ya 14, sumaku za maabara nyingi zinafika.

Fanya hivi: omba faili la usumaku dhidi ya joto kwenye 6.7 T hasa. Kwenye nukta hakuna bonde, usumaku unatakiwa ushuke kama mzizi wa T mpaka mwisho. Chini yake unakufa kwa eksponenti, juu yake una bonde, pale katikati ni mzizi mtupu. Toa kile kimo cha mayatima kwanza, asilimia moja, hapo hawabadiliki.

maalim_wa_wete, Alhamisi saa 3 usiku

Nimerudi. Msimamizi nilimpelekea grafu tatu kwa adabu kama mzee alivosema, tambarare nikaiweka mwanzo. Kajibu jana, mara hii mistari sita. Kasema sura ya nne ibaki, niongeze ya mayatima kama kiambatisho na aya ya kwa nini ni ngazi, na amewaandikia wale wa maabara.

Faili la 6.7 T hawana, wana 6.5 na 7.0. Wanasema mwezi ujao fuwele inarudi kwenye kifaa na watanipimia. Kwa sasa nmechora 6.5 na 7.0 pamoja na 7.5 kwa namna yako dada, uga ulozidi gawa T. Za 7.0 na 7.5 zimelaliana. Ya 6.5 inakaa juu kidogo ya mwendelezo wao, nikaisogeza nukta kutoka 6.7 kwenda 6.65 ikaingia. Hiyo 6.65 naweza kuiandika kama nukta ya mgeuko ya fuwele hii au ningoje faili?

kete_namua, Alhamisi saa 4 usiku

Iandike, na uandike pembeni yake jinsi ulivoipata na fuwele ilielekezwa vipi. Faili likija utaisahihisha kwenye tarakimu ya pili.